Dumu la Njano la Kabuye

Siku mliyoniaga, umeme ulikatika nikiwa ndiyo kwanza nimeshika kipaza sauti. Mkapiga makofi, mkadhani nimemaliza. Wala sikuwa nimeanza! Nikarudi kwenye kiti na hotuba yangu kifuani, nikala pilau, nikapokea lile jiko la gesi, nikaondoka. Sasa nipo Kalinzi kwa mume wangu, juu huku kwenye migomba na kahawa. Ziwa naliona kwa mbali tu, na hakuna anayenisubiri nikamwonjee maji. Basi nimekaa kuwaandikia nyinyi mliobaki kituoni yale niliyotaka kusema siku ile. Vyeo na mishahara sivitaji. Vyeo vilinifikia vikiwa vimechoka, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Kwetu maji yanakuja kwenye ndoo, na ndoo inakuja kichwani. Kwa hiyo serikali ilikuwa na utani siku iliponipangia kazi ya samaki Kigoma. Nilishuka treni mwisho wa reli na begi moja na godoro lililofungwa kamba, nikaliona ziwa limetanda pale chini mpaka macho yanachoka, nikasimama. Mchukuzi aliyenibebea godoro akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Siumwi, kaka. Nashangaa tu, maji yote haya yamekaa hapa yanafanya nini wakati kwetu watu wanayatafuta?" Alicheka mpaka godoro likamponyoka.

Kituo chetu wakati ule kilikuwa banda refu la bati pale Bangwe, matangi ya saruji safu mbili, na mashine ya kuvuta maji ziwani iliyokuwa ikikohoa kuliko kuvuta. Kazi yetu ilikuwa kutunza samaki wa mawe, hawa wadogo wa rangi rangi wanaokaa kwenye majabali, ambao wavuvi hawana habari nao kwa sababu hawajazi hata kiganja. Mkuu wa kituo, bwana mmoja mpole kutoka Bukoba aliyevaa koti hata jua likiwaka, alinikabidhi kwa mzamiaji wetu, Mzee Bukuru, Muha wa Ujiji. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Watokea wapi?"

"Mpwapwa, Dodoma."

"Kuogelea unajua?"

"Sijui."

"Samaki unawajua?"

"Nawajua wakishakaangwa."

Alinitazama, akaitazama mikono yangu iliyokuwa iking'aa mafuta ya nazi niliyojipaka ili nipendeze siku ya kwanza ya kazi. "Basi tutaanzia mikononi," akasema. "Nenda kanawe hayo. Samaki anakunywa ulichopaka."

Tangu siku ile mpaka mliponiaga sikupaka mafuta mikononi siku za kazi. Hata ndoa nilifunga mikono imepauka. Mama mkwe alinishika kiganja pale pale mbele ya watu, akasema neno kwa Kiha ambalo mume wangu amekataa kunitafsiria mpaka leo.

Mzee alinifundisha kuonja maji, kuyanusa, kuyasikiliza yakiingia tangini, kwa sababu maji yenye hewa kidogo yanadondoka kwa sauti nyingine. Alinifundisha kutomwaga samaki mgeni kwenye tangi la wenyewe. Unauweka mfuko juu ya maji, unauacha uelee, unaongeza maji kidogo kidogo. "Waache wasalimiane kwanza," alikuwa akisema. "Hata wewe ulipokuja ulibisha hodi." Alinifundisha kuwa samaki anayekaa pembeni peke yake, kichwa chini, hajanuna, anaumwa, na kwamba chumvi kidogo inatibu mengi. Vitu hivi nimewaambia mpaka mkawa mnavisema kabla yangu, mnadhani sisikii.

Kesi ngumu zilikuwepo. Iliyoniumiza zaidi mwanzoni ni ya mgeni mmoja mheshimiwa aliyekuja kutembelea banda, mbu akamuuma shingoni, msaidizi wake akatoa dawa ya kopo akapuliza. Mgeni alipona mbu. Sisi tulishinda mpaka jioni tukiokota samaki wanaozunguka kama pia, na Mzee hakumtukana mtu. Alibandika tu kipande cha boksi mlangoni: HAPA MBU WANAHESHIMIWA. Kile kibao ndicho mnachokiona hadi leo, na sasa mmejua maana yake.

Sasa shangazi.

Kuna kisiwa kusini ya Ujiji kinaitwa Kabuye, na kukiita kisiwa ni kukipa heshima. Ni rundo la majabali mbali na ufuko, nje ya njia ya mitumbwi, hakina mti, hakina udongo wa kuzikia hata paka, na ndege wamekipaka chokaa chote. Chini yake, kwenye mwamba ulioshuka wima gizani, ndiko anakoishi samaki tunayemwita shangazi. Ana mwili wa kahawia, mstari wa njano ubavuni, mkia wenye ubuluu. Jike akishataga huyabeba mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa huwabeba humo humo, hali chakula mpaka siku ya kuwatema. Mashavu yanamvimba kama shangazi aliyeudhiwa kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake. Wazamiaji ndio waliompa jina hilo, na wewe ukimwona mara moja hutatafuta jingine. Mzee Bukuru alizamia majabali ya pwani hii tangu ujana wake, wageni nao wakaja na vyombo vyao wakazamia, na hakuna aliyemkuta shangazi penginepo. Ni pale Kabuye tu.

Kumtoa kule ni kazi ya subira. Anakaa chini sana, na ukimpandisha haraka, kibofu cha hewa tumboni mwake kinafura, macho yanamtoka, anaelea ubavu. Kwa hiyo tulimpandisha kwa mafundo. Mzee anashuka na mpira wa hewa mdomoni, mashine ya hewa inanguruma mashuani, anawazungushia wavu kwenye mawe, anawatia kwenye kizimba. Kizimba kinafungwa kwenye kamba, fundo la chini kabisa, kinaachwa siku kadhaa wazoee. Halafu tunarudi, tunakipandisha fundo moja, tunakiacha tena. Juu linaelea dumu tupu la mafuta ya kula, lile la njano, ndilo boya. Kamba ya pili inafungwa jabalini ili mawimbi yasiondoke na kila kitu. Aliyemwambia Mzee afanye haraka alijibiwa jibu moja: "Wewe una haraka, yeye ana kibofu."

Kuogelea alinifundisha yeye, pale ufukweni Bangwe, nimevaa gauni juu ya suruali, madumu mawili kwapani, na wanawake waliokuwa wakifua wananishangilia kama timu ya mpira. Nilipoacha kumeza maji alinipeleka Kabuye, akanivalisha miwani, akanishusha kwa kamba mpaka fundo la juu ambapo kizimba kilikuwa kikingoja. Nikawaona. Walikuwa wamesimama majini wote wamenielekea, majike mashavu tele, wananitazama kama nimechelewa kikaoni. Mimi binti wa Mpwapwa! Nililia ndani ya miwani, na niwaambie ukweli, ukilia ndani ya miwani huoni kitu, kwa hiyo msijaribu.

Tuliendelea hivyo miaka, tunachukua wachache, tunawazalisha, tunarudisha watoto. Halafu msimu mmoja Mzee alizamia Kabuye akarudi juu mapema, kiganjani ameshika majani yaliyopondwa. Utupa. Kuna watu, hatukuwajua wala hatukuwahi kuwajua, walikuja wakati hakuna dumu wala kizimba pale, wakamwaga sumu ya utupa kwenye mwamba, wakaokota samaki wakubwa walioelea, wakaenda zao. Wadogo walizama. Mzee alirudi chini mara nyingi siku zile, na kila akipanda anatikisa kichwa. Mwishowe alipata shangazi wa kuhesabika, wengi wao majike wenye mayai mdomoni, wamejificha kwenye ufa mmoja. Tulikaa na mkuu tukakubaliana wote: tuwatie kizimbani, tuwapandishe kwa mafundo, tuwalete Bangwe wazae salama, ndipo Kabuye irudishiwe watu wake. Shangazi wote waliobaki duniani, kwa tunavyojua, wakawa wananing'inia kwenye kamba moja.

Walipofika fundo la kati ndipo ukaja ule mwaka wa watu.

Wakimbizi hawakuwa wageni Kigoma. Burundi ilikuwa imekwisha kutuletea watu wengi, tulikuwa nao sokoni, kanisani, makambini. Lakini safari hii ng'ambo ya ziwa nako kuliwaka, kule Kongo ilipokuwa bado Zaire, na mitumbwi ikaanza kuingia usiku na mchana, imejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Ufuko wote ukawa magodoro, masufuria, mbuzi, watoto waliopotezana na mama zao. Kila chombo chenye injini kilitakiwa kubeba watu, na mashua yetu ikaenda ya kwanza. Kisha kipindupindu kikabisha hodi, na mkuu akaagiza matangi yaoshwe yajazwe maji ya kunywa yenye dawa. Samaki waliokuwemo tuliwarudisha ziwani. Mimi niliyekuwa naonjea samaki maji nikawa naonjea binadamu, na wanawake wa Uvira na Baraka wakawa wananiita Mama Maji. Nimeitwa majina mengi kazini. Hilo ndilo ningependa liandikwe kaburini.

Siku zikaenda. Kamba ile ya jabalini haikutakiwa kukaa muda mrefu hivyo bila kukaguliwa, jiwe la Kabuye ni kali, linasaga. Mzee kila alipotoka kuswali alisimama upande wa kusini wa banda akatazama ziwa. Nilishindwa kuvumilia, nikamfuata mkuu.

"Mkuu, nipe mashua siku moja tu. Kamba ikikatika, shangazi kwisha. Hatutampata tena popote."

Alikuwa hajalala, koti lake limejaa matope. "Debora," akaniambia taratibu, "nikikupa mashua leo, huko ufukweni nimwambie nani akae angoje?"

Nilirudi kumwambia Mzee, nikitegemea atakasirika, na yeye akasema, "Kasema kweli. Watu kwanza." Halafu akaenda kukaa nyuma ya mashine ya maji, mahali ambapo mtu hasikiki hata akilia.

Mashua ilipopumzishwa hatimaye, ilikuwa imepita miezi. Tulipewa mafuta ya safari moja. Tulikwenda watatu: Mzee, mimi, na nahodha wetu Juma, mtu wa maneno machache. Tuliipita Ujiji asubuhi, tukashika kusini. Kabuye ilipojitokeza, Juma akapunguza moto.

"Moshi," akasema. "Kuna watu pale."

Mzee akatafuta dumu kwa macho. "Basi wamekula," akasema. Hakusema kwa hasira. "Na ningekuwa mimi ningekula."

Walikuwa wakimbizi kutoka Ubembe, ng'ambo ya ziwa. Tulivyosikia baadaye, injini ya mtumbwi wao ilikuwa imezimika katikati ya ziwa, upepo ukawasukuma mpaka kule, mtumbwi ukapasukia jabalini, na mbao zake ndizo walizokuwa wakiwashia moto. Wanawake, watoto, wanaume wachache, midomo imepasuka kwa jua, na unga wao ulikuwa umekwisha. Walisimama wote walipotuona, lakini hawakukimbilia mashua. Walimtazama mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa kwenye jabali, mkono mmoja ameuweka juu ya kamba yetu, kama mtu anayemshika ng'ombe asitoroke. Akauliza kabla hata ya salamu:

"Mwenye mutego ni nani?"

Mzee Bukuru akainua mkono. "Ni mimi, mama."

"Aksanti Mungu," akasema yule mama. "Niliwaambia atakuja." Akajifunika uso kwa mikono akalia, na watoto wakaanza kulia kwa kuwa yeye analia, na mimi sikuachwa nyuma.

Jina lake Mama Faida. Mume wake alikuwa mvuvi, alibaki kule kule kwao, hakuwahi kufika Tanzania. Nilipokuwa nawagawia maji yenye dawa na mihogo tuliyobeba, alinieleza, na nayaandika maneno yake kama yalivyobaki sikioni kwangu.

"Vijana waliona dumu, wakavuta kidogo, wakaona samaki. Wakafurahi! Nikawaambia hapana, shusheni. Hii mutego iko na mwenyewe. Wakaniambia, mama, batoto banalia njaa. Na mujukuu wangu naye alikuwa analia, huyu hapa, namusikia. Nikawaambia, tukikula hawa tunashiba siku moja, na mwenyewe akikuja ataona mutego bure, ataenda zake na hasira. Tukimuchungia, atatukuta tumemuchungia. Mutu hasahau mutego yake. Ni yeye atatutosha hapa, atatubeba na mashua yake."

Basi walikula samaki wadogo waliowanasa kwa ndoana moja, na mayai ya ndege, na wakaulinda mtego. Upepo ulipovuma walikaa zamu. Na pale kamba ilipokuwa imesagika jabalini, imebaki nyuzi, Mama Faida alikuwa ameichana nguo yake aliyojifunga, akaizungushia kamba mara nyingi, akaifunga kwa fundo la wavuvi alilofundishwa na mumewe. Nililigusa lile fundo. Kitambaa kilikuwa chekundu chenye maua meupe, na bila hicho tusingekuta kitu.

Mzee aliona kitambaa. Akavaa miwani, akatia mpira mdomoni, akashuka. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa mashua nikiwa nimeshika mpira wake wa hewa, naomba Mungu kwa Kigogo maana siku hiyo Kiswahili hakikunitosha.

Alipotoka juu alishika ukingo, akatoa mpira mdomoni, akahema.

"Wapo," akasema. "Wamekonda kama hawa wa juu, wanatafuna ukoga kwenye wavu, lakini wapo. Na mashavu yote matupu."

Nikauliza, "Watoto wamekufa?"

"Nani kasema? Wametemwa! Wamepita kwenye matundu ya wavu. Debora, wako kwenye kila ufa wa mwamba ule, wadogo kuliko ukucha, na mama zao wanawatazama kutoka ndani." Mzee wa watu alikuwa anacheka na kutetemeka kwa baridi kwa wakati mmoja.

Kule Bangwe matangi yalikuwa bado ya watu. Hapa watoto walikuwa wamezaliwa, na ukiwapandisha mama unawaacha wao. Mzee hakuuliza mtu. Alisema tu, "Warudi kwao," akakishusha kizimba fundo kwa fundo, akashuka nacho mpaka chini, akafungua mlango.

Mama Faida, alipoambiwa mzee amekwenda kufanya nini, alisimama. Alikuwa mwembamba, lakini sauti ilikuwa nzima.

"Anafungulia samaki? Sisi tumelala njaa juu yao, yeye anafungulia?"

Mzee alipotoka majini alimkuta amemsimamia, mikono kiunoni. Mzee akaketi kwenye jabali, maji yanamtiririka, akamweleza polepole, kama alivyokuwa akinieleza mimi siku za kwanza: kwamba samaki huyu hayupo kwingine kokote, hapa tu, kwamba kulikuwa na sumu, kwamba wale wa kizimbani ndio waliobaki, na kama wangeliwa, ndiyo basi, hata yeye mwenyewe asingejua pa kuwatafuta. "Sikuwa nawafuga niwale, mama. Nilikuwa nawatafutia salama. Na wewe ndiye umewapa."

Mama Faida akacheka, kicheko kidogo kikavu.

"Kumbe hata wewe mutego haiko yako," akasema. "Hata wewe ulikuwa unachunga tu."

"Nilikuwa nachunga tu," Mzee akakiri.

Mashua isingeweza kubeba wote. Akina mama wenye watoto wakapanda kwanza, na waliobaki wakaanza kututazama kwa macho yale ambayo mliofanya kazi miaka ile mnayajua, macho ya mtu aliyekwisha kuahidiwa mara nyingi. Mzee Bukuru akakaa chini kando ya kamba. "Nendeni," akamwambia Juma. "Mimi nabaki. Wakiuliza kama mtarudi, nitawaambia mwenye mtego yuko hapa." Mama Faida naye akakataa kupanda, akasema hawezi kumwacha mgeni peke yake. Tulipowaacha walikuwa wamekaa jabalini wanabishana kuhusu fundo lipi la wavuvi ni bora, la Ujiji au la Ubembe. Kule Kigoma nilimwambia mkuu maneno mawili tu, akavua koti, akaenda mwenyewe kuomba mafuta. Tuliwarudia kesho yake asubuhi, wote wazima. Ubishi ulikuwa haujaisha.

Tulipokuwa tunaondoka Kabuye safari ile ya mwisho, Juma aliinama kufungua dumu tulichukue. Mama Faida akamshika mkono.

"Acha, baba. Wale wa sumu wakirudi, waone iko na mwenyewe. Mutu anaogopa mutego ya mutu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Tukaliacha dumu, na kamba, na kizimba kitupu chenye mlango wazi kule chini.

Na hiyo, wenzangu, ndiyo ile kazi mliyokuwa mkinicheka. Kila mwaka Mama Debora anaomba mashua kwenda Kabuye kubadilisha kamba ya mtego usio na kitu. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kwa adabu kama nina mizimu kule. Sina mizimu. Nina wavuvi wanaopita na kuliona dumu la njano, na kwa desturi ya ziwa hili, kutoka Ubembe mpaka Ujiji, mtego wa mtu hauguswi, na mahali penye mtego wa mtu hapamwagwi sumu. Lakini dumu likichakaa, kamba ikiota ukoga mrefu, watu watasema mwenyewe kafa. Ndiyo maana lazima tuonekane. Utupa haujarudi Kabuye. Nimeshuka mwenyewe kutazama, mpaka magoti yaliponikatalia, na shangazi wapo, wamenuna kama kawaida yao.

Mzee Bukuru amelala Ujiji, Mungu amrehemu. Alinipa mikono hii. Mama Faida alikaa kambini miaka, na kila nilipopata nafasi nilimpelekea dagaa na sabuni, naye akanirudishia maharage aliyolima mwenyewe, kwa maana hakukubali mkono mtupu. Kulipotulia alirudi kwao. Mpaka leo wafanyabiashara wa ng'ambo wakija huniletea salamu zake, na swali lake ni moja: mutego ingali? Namjibu ingali, mama. Nikihesabu watu waliofanya kazi ya kituo chetu vizuri, namweka yeye juu, na hakuwahi kuajiriwa. Sijui ningemshukuruje ikatosha.

Safari yangu ya mwisho mlikuwepo. Mlinishikilia kiunoni nisianguke nikifunga ile kamba, na mlikuwa na haraka kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika. Mtakumbuka mtumbwi wa vijana wa Ujiji ukapita karibu, mmoja akanipigia kelele:

"Shikamoo, Mama! Mtego gani huo haujai? Baba yangu aliukuta hapo hapo!"

"Marahaba, mwanangu! Bado nangoja!"

"Haya, Mama! Nenda kapumzike! Tunakuchungia!"

Nikageuza uso. Nyinyi mkadhani ni moshi wa injini umeniingia machoni, mkanipa kitambaa.

Kamba mpya ipo stoo, nyuma ya mlango, na dumu liko juu yake. Pale inapogusa jabali, izungushieni kitambaa kabla ya kufunga. Chekundu kikipatikana, kiwe chekundu.